Paka Aliyenyimwa Dripu

Kampala hii, mgonjwa asiyetundikiwa dripu watu husema hajatibiwa, awe mtu au mnyama. Kwa hiyo Mama Rehemah aliposhuka kwenye boda boda kutoka Kibuli na kuingia mbio katika kliniki ya wanyama kule Nakawa, paka wake Asali kifuani, hata salamu hakutoa.

"Daktari, weka yeye dripu haraka! Tangu asubuhi hajakunywa maji, anakufa!"

Asali alikuwa anahema mdomo wazi, ulimi umegeuka rangi. Daktari Pélagie, Mkongomani asiyejua kufanya jambo polepole, alimsogezea bomba la oksijeni puani, kisha akasita. Kama mwili umekauka, dripu ingemfaa. Kama ni moyo, dripu hiyo hiyo ingemzamisha. Na kumbana alale apigwe eksirei kungemkata pumzi zilizobaki.

"Mumushike vile vile, mama. Asilale."

Akachomoa ultrasaundi yake mpya, ile ndogo ya kuchomeka kwenye simu, akalowesha manyoya kwa spiriti, akagusa ubavu. Mistari myeupe ikateremka kwenye kioo, mingi, kama mvua dirishani. Mapafu yamejaa maji! Akasogeza mkono kidogo. Moyo huo hapo, unadunda mbiombio, na chumba chake cha juu cha kushoto kimevimba kupita kiasi. Pélagie nusura apige vigelegele. Siku zote alikuwa akijifunzia kwa paka wazima, na leo aliona ugonjwa wenyewe, waziwazi, na akajua la kufanya.

"Ni moyo, mama! Maji iko mingi ndani, tunaitoa. Dripu itamuua."

"Unanyima mutoto yangu dripu?" Mama Rehemah aliangua kilio, akamkumbatia paka na kugeukia mlango.

"Mama, hatafika mbali. Niache nimudunge, nakuomba."

Mama Rehemah akamtazama Asali, akafumba macho, akarudi mezani. Pélagie akadunga dawa ya kukojosha. Wakangoja roho juu, mmoja akisali, mwingine akihesabu pumzi.

Mara Asali akajikojolea, mkojo usiokwisha, ukalowesha gurubaba ya Mama Rehemah, nguo yake nzuri ya Kinubi, hadi viatuni. Mbavu zikaanza kutulia. Kisha paka akafunga mdomo.

"Moyo wake hautapona kabisa," Pélagie alionya, huku akicheka na kulia. "Atakunywa vidonge siku zote."

Mama Rehemah hakumsikia. Alikuwa amesimama mlangoni akichuruzika, anawatangazia waliokuwa wakingoja nje na mbwa wao:

"Muone! Amekojoa! Kojoa, mutoto yangu, kojoa tena!"