Kalamu ya Katibu

Tangu asubuhi Katibu hakutulia. Alisogeza viti ambavyo havikuhitaji kusogezwa, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Chai yake ilipoa bila kuguswa. Mwishowe wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa fasihi simulizi na mwenzake katika chama cha wasomi wa fasihi ya Afrika kilichokuwa na kongamano siku hiyo, akamvuta hadi kwenye ngazi.

"Wewe wifi, hebu keti. Unanizungusha kichwa."

"Daktari yuko wapi?"

"Atakuja."

"Atakujaje? Wamempanga kuongoza jopo ghorofa ya juu, saa ileile ya mkutano mkuu."

"Jopo la waandishi wanawake," Wifi akasema. "Ulitaka walipange saa ngapi, saa ambayo watu wangelisikiliza?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wanawake wa chama walitaka kamati yao, yenye kiti katika halmashauri na sauti katika kuchagua makala za jarida. Walikuwa wamelipanga jambo hilo kwenye ngazi hizi, kwenye maegesho ya magari, hata jikoni kwa Wifi huku watoto wakigombania kijiko. Kanuni zilitaka hoja itolewe na mwanachama kamili na iungwe mkono na mwanachama kamili mwingine. Wengi wao walikuwa bado wanafunzi. Wanachama kamili miongoni mwao walikuwa Wifi, Daktari na Katibu mwenyewe, ila Katibu hakuingia katika hesabu. Yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu, na desturi ya chama ilikuwa kwamba mwenye kalamu hasemi wala hainui mkono. Ilibidi mtu mmoja awe masikio tu. Tangu chama kianze, mtu huyo alikuwa mwanamke. Hakuna aliyeamua iwe hivyo, na hakuna aliyeuliza.

Wifi angetoa hoja, Daktari aiunge mkono; ikikosa wa kuiunga mkono, ingengoja kongamano lijalo, na kongamano liliitishwa kila baada ya miaka mitatu.

Mkutano ukaanza. Kiti kilikaliwa na Profesa, aliyekuwa msimamizi wa tasnifu ya Katibu zamani, mtu mpole aliyeisoma yote kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa. Mpaka leo alimwita "binti yangu". Katibu hakuweza kumchukia, na hilo lilimkosesha raha zaidi.

Wifi akasimama, akatoa hoja.

"Kamati ya wanawake!" akanong'ona Mweka Hazina, aliyeketi ubavuni mwa Katibu, kwa ule mnong'ono wa kusikika hadi mlangoni. "Na sisi wanaume tuombe ya kwetu?"

"Ya kwenu ndiyo hiyo iliyoketi mbele," Wifi akamjibu, na viti vya nyuma vikaangua kicheko.

"Nani anaiunga mkono hoja hii?" Profesa akauliza.

Katibu akautazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Mguu wake ulitikisika chini ya meza mpaka glasi za maji zikagongana. Wifi naye, kuona hivyo, akaanza kurefusha maneno. Akawashukuru waandaaji, akamshukuru fundi wa vipaza sauti, akaishukuru hata hali ya hewa.

"Mwalimu," Profesa akasema, "umeshashukuru kila kitu isipokuwa viti."

"Nilikuwa naelekea huko, Profesa."

Profesa akacheka pamoja na wengine, kisha akavua miwani. "Nauliza kwa mara ya mwisho."

Mkono wa Katibu, kwa mazoea yake ya kutangulia, ulikuwa umeshaanza kuandika: "Hoja ilikosa..." Akayaona maneno hayo mawili, kwa mwandiko wake mzuri uliosifiwa miaka yote. Akasimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Naiunga mkono mimi."

Profesa akairudisha miwani usoni.

"Binti yangu," Profesa akasema taratibu, "wewe unaandika."

"Ndiyo, Profesa. Kwa hiyo naomba mtu anipokee." Akayakata yale maneno mawili, akamsogezea Mweka Hazina karatasi na kalamu.

"Mimi? Na mwandiko wangu huu wa kuku?"

"Tutausoma hivyohivyo, kaka."

Mweka Hazina akamtazama Profesa. Profesa akafunua kijitabu cha kanuni, akapekua mbele, akarudi nyuma. Desturi ile haikuwa imeandikwa popote. Alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi maisha yake yote, akakifunga kijitabu.

"Andika," akamwambia Mweka Hazina.

"Niandike imeungwa mkono na nani? Katibu?"

"Andika mwanachama," Katibu akasema.

Hapo mlango ukafunguka kwa kishindo. Daktari akasimama akihema, viatu mkononi. "Naunga mkono!"

"Umeshapitwa, mama," mtu akamwambia. "Keti upige kura."

Hoja ilivutwa huku na huku. Katibu alikaa na mikono isiyojua pa kwenda, mara mapajani, mara mezani. Kura zilipopigwa ikapita, bila vifijo, kwa sharti kwamba kamati iwe ya majaribio.

"Majaribio!" Wifi akasonya. "Kama dawa ya panya."

Lakini Katibu alikuwa ameshasimama tena. Alitaka kujua nani alipanga saa za majopo, na za kongamano lijalo zitapangwa na nani, na jarida je. Maneno yakamtoka mfululizo, moja likikanyaga jingine.

"Polepole, dada!" Mweka Hazina akalalamika, akinyoosha vidole. "Mkono unauma."