Wachezaji Saba wa Katibu

Kanze alikuwa ameishika fimbo ya lakrosi, ile yenye kiwavu nchani cha kudakia mpira, kama mchi wa kutwangia mpunga. Mwanatatu akamfungua vidole, kimoja baada ya kingine.

"Legeza, mamangu. Hapana kinu hapa."

"Nimelegeza."

"Mbona mishipa ya shingo imekutoka?"

Wale wanawake sita wengine wakacheka. Kanze naye akacheka, akajipangusa jasho kwa ncha ya leso. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, goti moja bovu, na kibanda cha viazi karai karibu na feri. Aliyemfuata kwenye mstari alikuwa Faith, msusi, ambaye kwa sababu ya kucha zake za bandia hakuweza kukunja ngumi, seuze kushika fimbo. Wote saba walivaa jezi za timu ya taifa. Jezi ya Faith ilikuwa na namba tisa.

Namba tisa ilikuwa ya Mwanatatu.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi na jua la Bofu, Likoni, lilishaanza kuchoma visogo. Walikuwa wamesimama kwenye kipande cha uwanja kilichosalia. Watu wa pale wanaukumbuka uwanja huo ulipokuwa unatosha mechi mbili kwa wakati mmoja, na mbuzi wakila pembeni bila kumsumbua mtu. Kila baada ya uchaguzi ukuta wa nyumba ya mheshimiwa mbunge husogea hatua kumi, na hajapatikana hata mmoja aliyemwona fundi.

"Nisikilizeni," Mwanatatu akasema. Akautia mpira kwenye wavu wa fimbo yake, akaanza kukimbia huku viganja vyake vikiutikisa mpini taratibu, kama mtu anayebembeleza. Mpira haukudondoka. "Haubebwi kwa nguvu. Wauchukua kama maji kwenye kata. Waenda mbio, na hata tone lisimwagike."

Chini ya kivuli cha gari lake, Erastus, katibu wa chama cha lakrosi, akainua kichwa.

"Hebu sema tena hilo la kata."

Akalisema tena. Erastus akatoa daftari, akaandika neno kwa neno. Kwa miaka kumi na mmoja Mwanatatu aliyocheza, huyo mtu hakuwahi kuandika lolote alilolisema. Mwanatatu alihisi fahari, na fahari hiyo ndiyo atakayoijutia.

Alianza darasa la sita, wageni wa kujitolea walipoleta shuleni fimbo ishirini na kuondoka baada ya miezi mitatu. Wenzake waliacha. Yeye nyavu zilipokatika alizisuka upya kwa nyuzi za jarife la wavuvi, akacheza peke yake akiupiga mpira kwenye ukuta wa choo cha shule. Akaichezea timu ya taifa mara mbili. Mara ya kwanza walilala kwenye sakafu ya darasa, mara ya pili alifunga mabao manne katika mechi moja akiwa hajala tangu jana yake. Hakuwahi kulipwa. Mama yake, Bi Jalila, anayesafisha vyumba vya wageni Shelly Beach, alikuwa akimuuliza kila mwaka: "Mchezo huu, mwanangu, una mwisho?"

Mwaka huu alikuwa na jibu. Klabu moja ya ng'ambo ilizitazama video zake, ikamwandikia: mkataba wa miaka miwili, mshahara, chumba. Mchezaji wa kulipwa. Ilitaka kitu kimoja tu kutoka nyumbani, barua ya chama ya kumruhusu.

"Barua yangu, Katibu," alimwambia Erastus wanawake walipokwenda kunywa maji.

"Iko mezani, binti. Yangoja muhuri."

"Yangoja mwezi wa pili sasa."

"Wasaidie kwanza hawa dada zako. Timu yasafiri ng'ambo wiki mbili zijazo. Wakishaondoka, nawe nakupa yako."

"Katika hawa saba, Katibu, hapana aliyewahi kukimbia hata kuiwahi feri."

Erastus akacheka kwa raha. "Vipaji vipya hivyo."

"Na jezi yangu?"

"Jezi ni kitambaa." Akafunga daftari. "Mwanatatu, mimi nakupenda kama mwanangu. Lakini klabu yako haiwezi kukusajili bila muhuri wa chama, na muhuri nalala nao mimi. Sasa wafundishe, maana ubalozini huulizwa maswali."

Alielewa. Kila mtu pale alielewa. Kanze alishauza shamba la minazi aliloachiwa na babake, pesa akampa Katibu, na hakuliuza kwa mapenzi ya lakrosi. Mwanatatu akarudi uwanjani, akawafundisha siku kumi na nne.

Wakaondoka. Walicheza mechi moja, wakafungwa mabao ishirini na matatu kwa bila. Asubuhi yake vitanda saba vilikutwa vitupu. Kwenye simu za watu wa Likoni ile video ilizunguka kama kichekesho, Faith akiukimbia mpira badala ya kuukimbilia.

Erastus alitimiza ahadi. Alimpa barua, muhuri wa buluu umekaa sawasawa, akamwambia, "Ukifika huko usitusahau."

Bi Jalila alimvalisha viatu vyake vya arusi kwa safari ya Nairobi. Langoni mwa ubalozi askari walimnyang'anya simu. Fimbo nayo wakaitupia nyuma ya kibanda chao. Kitu chenye urefu ule, wakasema, hakiingii. Akaingia mikono mitupu.

Nyuma ya kioo alikaa mama wa kizungu mwenye miwani, na kando yake mkalimani, kijana wa bara aliyefunga tai. Walimuuliza jina, nafasi anayocheza, miaka aliyocheza. Kisha yule mama akauliza swali, mkalimani akalifasiri bila kuinua macho.

"Eleza mpira unabebwa vipi."

Mwanatatu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Hilo angelijibu usingizini.

"Haubebwi kwa nguvu. Wauchukua kama maji kwenye kata. Waenda mbio, na hata tone lisimwagike."

Mkalimani hakufasiri. Alimtazama, kisha akamwinamia yule mama, akasema maneno mawili matatu. Faili likafunguliwa.

"Kata ni nini?" mkalimani akauliza.

"Kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Cha kutekea maji mtungini."

"Najua. Nilishaelezwa mara saba, na watu saba. Kwa maneno hayo hayo." Akageuza kurasa. "Hawa wote hawakurudi."

"Ni maneno yangu hayo. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Alipoyasikia yakitoka, akajua. Kalamu ya yule mama ilishaanza kuandika kabla hata ya kufasiriwa.

"Uliwafundisha ili wayajibu maswali hapa?"

"Niliwafundisha kucheza."

"Walikuwa wanajua kucheza?"

Akasogea karibu na kioo. Nyuma yake mtoto wa mtu alikuwa akilia.

"Kaka, niombee fimbo yangu iletwe. Iko hapo langoni. Nitawaonyesha dakika moja tu, hapa hapa mlipo. Nitakimbia kwenye hiki kijia."

"Haiingii."

"Basi tokeni nyinyi. Hapo nje tu. Wallahi dakika moja."

Kijana akafasiri. Alifasiri polepole, pengine kwa huruma. Yule mama akatikisa kichwa kwa adabu, akapitisha chini ya kioo karatasi ya kumnyima visa, iliyokuwa imekwisha kuchapwa.

Klabu ilingoja wiki moja, ikamwandikia kumtakia heri, ikamchukua mwingine.

Baada ya hapo ndipo Kanze alipotuma sauti kwenye simu. Alikuwa akiogesha wazee kwenye nyumba fulani, hakutaja mji. "Mwanangu, Mungu akulipe," alisema, na nyuma yake maji yalisikika yakimiminika. "Nikiswali nakutaja. Wewe ndiye ulonivusha."

Mwanatatu aliisikiliza mara mbili, akavaa buibui, akaenda ofisini kwa Erastus.

Ofisi ilikuwa pale pale, ghorofani juu ya duka la magodoro. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya: Chama cha Kulenga Mishale. Kwenye korido watu tisa walikaa kwenye benchi refu, kila mmoja na bahasha mapajani.

Erastus alimpokea mlangoni, simu mkononi. "Binti yangu. Leo asubuhi tu nilikuwa nikikutaja."

"Nataka uandike ukweli, Katibu. Uwaandikie ubalozi kwamba mimi ni mchezaji."

"Niandike kwa chama kipi? Lakrosi imefungiwa. Wale wasaliti saba wametumaliza, mimi na wewe." Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Umri huu naanza upya."

"Basi naenda polisi."

"Nenda, mwanangu. Haki yako. Watakuuliza nani aliyewafundisha, nawe ni mkweli, utawajibu." Akamgusa bega kidogo. "Au ngoja nimalize simu hii, tuzungumze. Na hawa nao watahitaji mtu wa kuwanyoosha mikono. Kaa."

Mlango ukafungwa.

Mwanatatu akabaki amesimama koridoni. Mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi, mtu mzima mwenye mikono iliyopauka kwa sabuni, akamtazama kuanzia viatuni hadi usoni, akafikiri amechoka.

"Songeni, jamani," akawaambia wenziwe. "Songeni, dada apate pa kukaa. Nawe waenda na mishale, mwanangu?"

Wakasogea wote tisa, bega kwa bega, bahasha zikishikiliwa zisianguke. Pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kamili, nao wakamgeuzia nyuso, wakingoja akae.