Hita ya Kumfikisha Mayu Mbulu

"Unampeleka mama yako akafie njiani," Ngassa alisema, "halafu mtaa mzima tuanze kulia upya wakati msiba wa kwanza haujaisha."

Alikuwa upande wake wa uzio wa minyaa, mikono nyuma. Masunga alikuwa upande wa pili, ameshika tambara lenye grisi. Sisi wanawake tuliokuwa tunachambua mchele wa msiba pale uani tuliangaliana, maana maneno kama hayo hata kama mna ugomvi huyatoi mdomoni. Masunga akamjibu kwamba hafundishwi safari na mtu aliyeshindwa kuvuka uzio kuja kutoa pole. Hapo kila mmoja wetu akainamia sinia lake.

Ngoja nieleze. Flora, binti wa mwisho wa mama yake Masunga, mayu Monika kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, aliolewa Mbulu, na ni huko alikofia. Maziko yalikuwa kesho yake mchana. Tangu simu iingie, mayu alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba atamtupia mwanawe udongo kwa mkono wake. Hakuna ambaye angemzuia, isipokuwa kifua chake. Juni ya mwaka jana Masunga alimpeleka kumwona Flora kwa pikapu ile ile iliyokuwa uani ikitengenezwa. Baridi ya kule juu inaingia mpaka kwenye meno, na hita ikawa inapuliza uvuguvugu kama pumzi ya mbuzi. Mayu alirudi na nimonia, akalazwa. Daktari alimwambia Masunga waziwazi kwamba kifua kile kikipigwa tena na baridi kama ile, hakitavumilia.

Kwa hiyo siku ile kila kitu kilikuwa hita. Ikipona, mayu anakwenda. Isipopona, Masunga anakwenda peke yake na mayu anabaki na sisi Bariadi, anamlilia mwanawe kwa mbali. Magari mengine ya mtaa yalikuwa kwenye pamba, na basi la kubadilisha njiani, kusimama stendi alfajiri, hakuna aliyethubutu hata kulitaja.

Na Ngassa naye msimdhanie ni mtu mbaya. Pikapu ile aliiendesha miaka mingi akimbebea pamba marehemu mzee Mayunga, baba yake Masunga. Ukimwuliza mtu wa Migato au Nkololo dereva wa Mayunga ni nani, atakutajia yeye. Mzee alipofariki, Masunga alikwenda kuchukua funguo mlangoni kwa Ngassa, akazichukua bila hata asante. Toka hapo wakawa wanapitana kama mtu na mti. Mtaa wote tunajua, na mimi ambaye nyumba yangu haikauki watu nimesikia kila upande ukieleza.

Fundi Josia alikuwa amelala chini ya gari tangu asubuhi. Alianza na maji ya rejeta, akakuta yamejaa. Akapapasa mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita na kuyarudisha; yote miwili ilikuwa vuguvugu, hakuna uliozidi mwenzake. Akaifungua, akaisafisha hita kwa maji ya bomba mpaka uchafu wa rangi ya chai ukaisha, akafunga. Feni ilikuwa inapuliza vizuri. Wakalizungusha gari mpaka njia ya Nkololo na kurudi. Mayu akatolewa ndani, akaweka mkono kwenye tundu la hewa, akautoa.

Josia akakaa kwenye ngazi ya mlango wa gari, akamwuliza Masunga kama mshale wa joto huwa unapanda safarini. Masunga akasema haujawahi kupanda, hata na mzigo wa pamba juani. Alisema kwa fahari kidogo, maana hiyo ndiyo sifa ya gari lile.

"Basi ndiyo shida yenyewe," Josia akasema. "Hii injini haipati moto."

Akafungua pale mpira mkubwa wa rejeta unapoingia kwenye injini, akachungulia, akatuonyesha. Kulikuwa na shimo tupu. Thamostati haikuwepo. Akatueleza kuwa ni kidude kama kifuniko. Maji ya injini yakiwa baridi kinafunga, yakipata moto kinafungua yaende kupoa kwenye rejeta. Kisipokuwepo maji yanazunguka tu na kupoa muda wote gari linapotembea, na hita inapata nini? Akasema huku kwetu kila gari likichemka fundi anakitoa na kukitupa, na mwenye gari anashukuru, kwa sababu Bariadi hakuna mtu aliyewahi kudai hita. Kwa hiyo hata dukani hawakiweki.

Masunga akajifuta grisi kwa tambara. Kisha akaenda kumwambia mama yake. Tulimwona mayu akifungua fundo la kitenge alichokuwa amekwisha kufungia nguo zake, anatoa moja moja, anazikunja upya. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Hakuna aliyekuwa anamwangalia Ngassa kule uzioni. Tulisikia tu pikipiki yake ikiwaka na kuondoka kwa kasi. Nami, Mungu anisamehe, nikawaambia wenzangu kwamba mwanaume akishashinda maneno anakimbilia kilabuni.

Alirudi jua limeinama, vumbi mpaka kwenye kope. Safari hii alipita getini.

"Mwadila, mayu," akasalimia kwa Kisukuma, akapiga goti moja.

Akatoa kidude kwenye mfuko wa shati, akampa Josia. Alikuwa ametoka Lamadi, kwa mafundi wa magari ya watalii. Magari yale hupanda Ngorongoro na wageni ndani, kwa hiyo kule hita ina kazi na thamostati hazitupwi. Josia hakuamini mpaka akione kikifanya kazi. Akaomba sufuria yangu ya maji ya ugali iliyokuwa jikoni, akakining'iniza ndani kwa uzi. Tukainama wote, na mvuke ukitupiga usoni tukakiona kikifunguka polepole kama mdomo wa kifaranga. Maji yale nikayamwaga, nikainjika mengine.

Wakafunga, wakaongeza maji, wakaenda tena njia ya Nkololo vioo vimepandishwa. Waliporudi, Masunga alishuka shati limemganda mgongoni. Mayu akaweka mkono kwenye tundu la hewa. Hakuutoa. Ndipo alipolia, mkono ukiwa pale pale.

Ngassa alikuwa bado amesimama kando, kofia mkononi.

"Mayu, ni mimi niliyeitoa," akasema. "Tulikuwa na pamba ya mzee, gari likachemka kabla ya kufika. Niliitoa nikaitupa porini. Uliporudi mwaka jana unaumwa, sikujua kama ni mkono wangu. Nimejua leo."

Masunga akageuka, akaingia ndani, nasi tukajua yameharibika.

Mayu akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Uliitoa ili pamba ya baba yao ifike," akasema. "Ilifika. Na leo ulichokwenda kukitafuta umekileta."

Masunga akatoka. Mkono mmoja alishika birika la maji, mwingine beseni la kunawia, taulo limelala begani. Akasimama mbele ya Ngassa, akainamisha birika.

"Nawa, kaka. Ingia ndani ule," akasema. "Alfajiri tunaondoka, na wewe ndiye unayelijua gari."