Kofia za Mifuko ya Unga

Kwa wiki tatu mfululizo, mwanamke mmoja aliyefanya kazi kwenye tanuri la mikate hakurudi nyumbani mikono mitupu. Aliingia kazini alfajiri na kutoka saa saba mchana, unga ukiwa bado kwenye nyusi, kwapani amebana trei za mayai zilizokwisha kazi na mifuko ya karatasi ya unga aliyoikung'uta na kuikunja vizuri. Wenzake walimtania kwamba anafungua duka la takataka. Alicheka nao, akaendelea kubeba.

Nyumbani alingojewa na mtoto aliyeitwa Kijiko. Jina hilo alilipata uchangani, alipoikataa katakata chupa ya maziwa na kukubali kulishwa kwa kijiko tu. Jumamosi iliyokuwa inakuja angetimiza miaka saba, na sherehe yake ingepambwa kwa vitu walivyotengeneza wenyewe, maana ndivyo alivyotaka.

Kijiko alikuwa binti wa dada mkubwa wa mwanamke huyo. Dada alikwenda nchi ya mbali kutafuta kazi mtoto akiwa na miezi mitano, akaahidi kurudi baada ya mwaka. Mwaka ukazaa mwaka. Sasa alikuwa na kazi ya kueleweka, mume mpole na nyumba yenye chumba cha mtoto, na alikuwa anakuja kumchukua mwanawe. Wangeondoka Jumapili, siku moja baada ya sherehe.

Mtoto hakufichwa kitu. Picha ya mama yake ilikuwa ukutani, na kila mara aliambiwa, huyu ndiye aliyekuzaa. Lakini Kijiko alikuwa na akili zake. Anayemwosha, anayemsuka, anayemkemea akilala bila kupiga mswaki, huyo ndiye mama. Na dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa. Hapo hakuona la kubishania.

Alasiri walikaa sakafuni wakifanya kazi. Gundi waliipika wenyewe kwa unga na maji, wakaipaka kwa vidole. Vikombe vya trei za mayai vilikatwa kimoja kimoja vikawa maua. Paketi za maziwa zilifungwa vizibo vinne vinne zikawa magari. Mifuko ya unga ikawa kofia zenye ncha, kila moja na rangi yake. Fundi viatu, mzee wa chumba cha jirani, alileta maboksi matupu na mkasi wake mkali, akaketi kutoboa vizibo kwa msumari wa moto huku akilalamika kwamba ameajiriwa bila mkataba.

"Na mama mkubwa tumtengenezee ya rangi gani?" Kijiko aliuliza.

"Huyo ni mama yako."

"Ndiyo. Nyekundu?"

Wakatengeneza nyekundu.

Dada alifika Ijumaa mchana na masanduku mawili, macho mekundu kwa safari. Kijiko alichungulia kutoka nyuma ya sketi ya aliyemlea, kisha akatoka, akasimama wima kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Dada aliitikia marahaba kwa kunong'ona, akaomba aonyeshwe bafu. Bomba lilisikika likimwaga maji kwa muda mrefu.

Baadaye, wakiwa wawili jikoni, mdogo mtu alijaribu kueleza kwamba amemsahihisha mtoto mpaka amechoka. Dada alimkatiza.

"Sikuja kukulaumu. Nilijua atanisahau. Sikujua kwamba atanipa cheo kingine."

Jumamosi walikuja watoto kumi na mmoja. Dada alikuwa ameleta kofia za dukani, zinazong'aa, zenye picha, akazipanga kitini na pakiti zake. Watoto wakazipita. Walivamia za mifuko ya unga, wakagombea magari ya paketi, wakasukumana mpaka fundi viatu akalazimika kuwa trafiki. Dada alikaa pembeni na kofia yake nyekundu kichwani, akitabasamu, mikono haina cha kushika.

Mdogo wake alimwona. Angeweza kuliacha liwe hivyo. Kusema kweli, moyoni palikuwa na mahali padogo palipofurahi, na alipopagundua akaona haya. Alimwita Kijiko, akamwambia aende akamfundishe yule mama kutengeneza ua, kwa sababu hajui.

Kijiko alikwenda na kikombe cha trei na mkasi, akakaa karibu.

"Usibonyeze sana, inachanika."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa geuza."

Vichwa viwili viliinama pamoja. Visogo vilifanana kama vimekatwa kwa mkasi mmoja, hata nywele zilizungukia upande uleule. Mwanamke wa tanuri alitazama kwa kitambo, kisha akaingia jikoni kukata keki, na badala ya kukata akasimama ameshika ukingo wa sinki.

Kijiko akamfuata mbio.

"Mama, anajua sasa. Halafu, kesho nani atakaa dirishani, wewe au mimi?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba yote aliyomweleza kuhusu safari yalipokelewa nusu. Mtoto alikubali kwenda kwa sababu alidhani wanakwenda wote. Alichuchumaa, wakawa uso kwa uso.

"Kesho unakwenda na mama yako. Mimi nabaki. Nina kazi ya mikate."

"Waambie wenzako wakuchomee."

Kijiko alimtazama, akaona mambo ni rahisi.

"Basi na mimi nabaki," akasema, akarudi kucheza, shauri limekwisha.

Asubuhi ya Jumapili aling'ang'ania shingoni mwa aliyemlea, akalia mpaka sauti ikakauka. Dada alinyoosha mikono kumchukua, lakini mdogo wake akakataa. Alibandua vile vidole mwenyewe, kimoja kimoja, akamwingiza mtoto kwenye gari na kufunga mlango. Alitaka Kijiko amkasirikie yeye, asimkasirikie yule anayekwenda kuishi naye. Gari lilipokata kona alikuwa bado amesimama, shingoni ana alama za kucha.

Walikubaliana mdogo mtu awe anapiga simu kila Jumapili. Mara ya kwanza Kijiko alilia. Mara ya pili alilia, akauliza kama mikate imekwisha. Wiki ya tatu dada alipiga mwenyewe, katikati ya wiki, akizungumza taratibu kama mtu aliyejifunza maneno kwa moyo. Alisema kwamba kila baada ya simu, mtoto hali chakula siku mbili, shuleni hasemi na mtu. Alikuwa ameanza kuzoea, kisha simu inamrudisha nyuma. Akauliza kama wangeweza kuziacha kwa muda.

Mdogo wake alisema sawa. Alisema haraka, asije akasema jingine.

Siku iliyofuata alimsimulia fundi viatu, aliyekuwa mlangoni akishona soli. Mzee alishusha sindano, akamuuliza ni mpaka lini.

"Sikuuliza," alisema.

Fundi alimsogezea kigoda. Akakaa, na ndipo akalia.