Marehemu Chini ya Benchi

"Yaani jirani akitupita na kutupungia mkono, basi tununue injini kubwa?" Mama Pacha alimuuliza mumewe, wakiwa ndani ya boti yao ndogo ya abiria, iliyofungwa gatini.

"Abiria wanamkimbilia yeye, mama. Sisi tunatambaa."

Mama Pacha akafunua turubai chini ya benchi la mbele, mahali alipoambiwa siku zote kuna maboya. Alikuta injini yao ya zamani, iliyokufa mwaka juzi.

"Na huyu marehemu?"

"Niliiweka kwa ajili ya vipuri."

"Injini unaibebesha maiti ya mwenzake, halafu unaiita mvivu. Hatununui kitu, baba. Shika huko."

Wakaitua gatini, baba akiguna. Pua ya boti ikainuka kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

"Washa," akasema Mama Pacha. "Jirani ameelekea wapi?"