Bomba la Injinia Severin

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Phyllis alikuwa amekaa kitandani akichambua maharagwe bomba la maji lilipochomoza ukutani. Lilichomoza juu ya mto wake, kati ya kalenda ya kanisa aliyotumiwa na mama yake na msumari wa kutundikia sare ya hoteli. Lilikuwa bomba la kawaida la chuma, la kuzungusha, lenye kutu kidogo shingoni. Aliweka sinia kando, akalifungua. Maji yalikuja mekundu, yakakohoa hewa, kisha yakatulia na kuwa maangavu. Akayaonja. Yalikuwa na ladha ya mto wa kwao, ule unaokauka juu karibu mwaka mzima, watu wakachimba mchangani na kuteka kwa kata.

“Asante Mungu,” alisema, akaenda jikoni kutafuta sufuria.

Chumba kilikuwa mtaa wa Al Rigga, Dubai, nyuma ya hoteli alikofanya kazi ya kutandika vitanda. Kitanda cha juu kilikuwa cha Rebecca, mlinzi wa mlangoni kwenye jengo moja refu la Marina. Walitoka kaunti moja kavu, na mwaka huo, 2013, Kenya ilikuwa imechagua magavana kwa mara ya kwanza. Dubai hakukuwa na kituo cha kupigia kura, kwa hiyo hakuna kati yao aliyepiga. Hilo halikuwazuia kuwa na wagombea. Phyllis alikuwa na blogu ya kumpigia debe Injinia Severin, aliyeahidi kufikisha maji ya bomba hadi Kyandoo, kijiji cha mama yake. Rebecca naye aliandika kwa ajili ya Mheshimiwa Justus, mtu wa barabara.

Kompyuta ilikuwa moja. Mmoja akiandika, mwingine anapika. Rebecca alikuwa hodari wa insha tangu shuleni, na alimsahihishia mwenzake kila kitu, hata makala zilizomwita Mheshimiwa wake mwizi wa changarawe, kwa sababu alichukia sentensi mbovu kuliko alivyompenda Mheshimiwa. Injinia alishinda. Mabomba ya plastiki yakaanza kulazwa kando ya barabara kuelekea Kyandoo.

Rebecca alirudi kutoka zamu, akalikuta bomba.

“Hii ni ya Injinia?”

“Ya nani mwingine?”

“Basi mimi siguzi.”

Alikuwa ametoka kusimama juani kutwa, jua la Agosti la Dubai ambalo halina adabu. Baada ya muda mfupi aliomba kikombe. “Nafanya tu uchunguzi,” alisema, akaomba kingine.

Sulaiman, msimamizi wa jengo, alipanda kuja kutazama. Aligonga ukuta huku na huku, hakusikia bomba lolote nyuma yake. “Khalas, hakuna shida,” alisema. “Lakini yasivuje kwa watu wa chini.” Akajaza chupa yake, akashukuru, akashuka.

Na kusema kweli, ilikuwa raha. Chai ilirudi kuwa chai. Maharagwe yaliiva upesi. Nywele za Phyllis, zilizokuwa zikikatika tangu afike Ghuba, zililainika. Kila alipofungua bomba alimtaja Mungu kwanza na Injinia wa pili, na ni shukrani hiyo iliyomponza. Alilipiga picha bomba likiwa wazi, maji yakimiminika, akaandika kwenye blogu: “Asante, Injinia. Uliahidi maji, na maji yamefika.” Rebecca aliisoma, akaongeza koma, akasema haina kosa. Hakuna aliyekumbuka kuandika kwamba yamefika Al Rigga.

Haukupita muda mrefu mama yake alipiga simu.

“Wale watu wa mabomba wamekuja wakayafukua, wakapakia kwa lori, wakaenda,” alisema. “Chifu anasema maji yameshafika Kyandoo. Ako na picha. Wameiweka hata kwa bango kubwa huko mjini.”

“Picha gani, Mama?”

“Ya mfereji ukutani, unamwaga maji. Kando yake kuna kalenda yetu ya kanisa.”

Phyllis alikaa chini. Mama yake hakugomba. Aliuliza tu kama ile sare ya buluu pichani ni yake, akasema inapendeza.

Siku hiyo hawakupika. Phyllis aliandika kwamba bomba liko Dubai na Kyandoo hakuna hata tone, na kwamba kosa la picha ni lake. Rebecca alisahihisha, kisha akayachapisha maneno yaleyale kwenye blogu yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Watu wa Injinia walisema Phyllis amenunuliwa. Watu wa Mheshimiwa walisema Rebecca ameuzwa. Ofisi ya gavana ilijibu kwa heshima: “Tunakushukuru kwa kuendelea kutuunga mkono.” Mabomba hayakurudi.

Basi Phyllis akalifunga bomba. Alikaza kwa nguvu zake zote, Rebecca akamsaidia, wakafunga na kamba, wakidhani maji yakikosa njia ya huku yatashika njia ya kwao. Walikunywa ya chupa wiki nzima. Asubuhi ya Ijumaa alipiga simu kuuliza.

“Mto ni uleule,” mama yake alisema. “Kwani umeyafunga?”

“Niliona aibu kuyanywa, Mama.”

“Aibu ya nini? Mimi hushukuru kila nikiinama kuteka. Nasema, angalau mmoja wetu amefikiwa.” Alisikika akimsimamisha punda wake wa maji. “Hebu fungua huo mfereji nisikie.”

Rebecca alikata kamba. Phyllis akafungua, akaweka simu karibu. Maji yalikohoa, kisha yakaanguka kwenye sufuria kwa sauti nene, na upande wa pili hapakusikika kitu ila punda akipumua.

“Yako na nguvu,” mama yake alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa. “Asante, Yesu. Mwambie na huyo Injinia asante.”

“Nitamwambia.”

“Haya, wacha nishuke mtoni kabla jua halijakuwa kali.”

Alisahau kukata simu. Phyllis alisikia mitungi mitupu ikigongana mgongoni mwa punda, ikiteremka, na bomba akaliacha wazi mpaka sauti ilipopotea.