Nyonga ya Shukrani

Ibada ilikwisha, watu wakatoka kunadi sadaka nje ya kanisa: mikungu ya ndizi, kuku, kibuyu cha maziwa ya mgando. Naisiae alibaki ndani ameegemea ukuta, anahema kama aliyepandisha gunia la viazi kutoka Tengeru. Alikuwa ametoka benchi ya tatu tu. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vya Jumapili vikamkataa. Alikuja na ndala, kazificha chini ya khanga.

"Mama Godbless," alisema Ezra, mzee wa kanisa, "wageni wanakungoja. Utashuhudia kama mwaka ule."

Wageni ndio waliomwekea nyonga ya chuma, bure. Aliporudi kijijini Akheri bila fimbo alileta mbuzi wa shukrani, na kanisa zima lililia. Na huku, ukishamtolea mtu mbuzi mbele ya watu, humrudii na lawama. Ni kumtemea mate aliyekulisha.

"Mzee, hiyo nyonga inaniua." Alilisema akitazama sakafu, kama aliyekutwa na mali ya mtu. "Daktari Rachel kapima damu. Vyuma vinasagana, unga wake unaingia kwenye damu, unaula moyo. Anasema itolewe, niwekewe ya namna nyingine. Huko kwao wageni hizi wameshaziacha."

"Zikaletwa kwetu. Ndiyo unataka kuwaambia hivyo?"

"Nataka waitoe tu."

"Una presha, una umri, unakisingizia chuma cha watu." Ezra alishusha sauti. "Wanatujengea wodi, mama. Ukiropoka wataondoka, na wote wanaosubiri watakutaja wewe. Wifi yako Ruth anaingia kupasuliwa kesho."

"Ruth asiwekewe."

"Nani alimshawishi?"

Naisiae alizivuta ndala ndani zaidi ya khanga. Ni yeye aliyekwenda kwa Ruth, akacheza uani kwake kumwonyesha nyonga isivyouma.

Mnada ulisimamishwa. Akatakiwa atembee kutoka mlango wa kanisa hadi kwenye turubai walikokaa wageni. Nikifika nasema, alijiapia. Nasema Ruth akisikia.

Alifika. Mama mmoja wa kizungu akamkumbatia huku analia. Naisiae akafungua mdomo, pumzi ikagoma.

"Nyonga," alisema. "Hii nyonga ina..."

"Ina baraka," Ezra alimalizia kwenye kipaza sauti, akatafsiri kwa Kiingereza. Makofi yakalipuka. Ruth alipiga vigelegele kuwazidi wote.

Mpiga picha akanong'ona kitu. Jua lilikuwa limemmulika Naisiae vibaya, picha haikutoka. Arudi atembee tena.

"Wamekuja kutoka mbali," Ezra alisema, akamshika kiwiko, akamrudisha mlangoni. Kwaya ikaanza upya. Naisiae akajivuta, hatua na kituo, kiganja amekikandamiza kifuani upande wa kushoto. Ezra alimfuata pembeni, nje kidogo ya picha, midomo haichezi.

"Mkono, mama. Shusha mkono."